Jirani Zetu wa Usiku: Likizo ya Juni na Watoto, Kutoka Kibada Hadi Pugu

Siku ya kwanza, Jumamosi: Kibada, Kigamboni

Safari hii ilianza kwa kilio. Alhamisi usiku, saa tano hivi, kitinda mimba wangu wa miaka sita alikuja mbio chumbani akisema kuna mtoto mchanga analia juu ya mnazi. Kaka yake wa miaka tisa alikuwa ameshamwambia huyo ni jini, naye mwenyewe amejifunika shuka gubigubi. Nikawatoa wote wawili hadi barazani tukasikiliza. Kilio kirefu, kinashuka, kinakatika, kisha kinaanza tena upande wa pili wa ua.

"Huyo ni komba," nikawaambia.

Hakuna aliyejua komba ni nani. Hawa ni watoto wanaoweza kukuchorea simba, pundamilia, hata dubu ambaye hayupo popote Tanzania. Mnyama anayepita juu ya bati lao kila usiku hawamjui, na kwa kuwa hawamjui wanamwita jini. Jini hapigiwi hodi, hurushiwa mawe. Hapo nikakata shauri kwamba wiki hii ya likizo tutaitumia kuwatafuta mamalia wa porini waliomo ndani ya mkoa wetu huu wa Dar es Salaam. Fedha za kwenda Mikumi mwaka huu sina, lakini hata ningekuwa nazo ningeanzia hapa.

Dada yangu wa Tandika akamleta mwanawe wa miaka kumi. Binti yangu mkubwa, wa darasa la sita, nikamkabidhi daftari. Msafara ukatimia: watoto wanne na mimi.

Leo jioni tumefunga tochi kwa karatasi nyekundu ya zawadi, maana mwanga mweupe huwaumiza macho wanyama wa usiku. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa babu mmoja mgema. Tulimkuta anashuka na kotama kiunoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Mmekuja kumtafuta mwizi wangu?"

Akatuonyesha mnazi wake wa kati, ule wenye karara mbili zinazotoa tembo, ile pombe ya mnazi. Tukakaa chini ya mlimau, kimya. Ilichukua muda. Kitinda mimba alikuwa ameshaanza kusinzia mapajani kwangu pale mtoto wa dada aliponishika mkono. Juu kabisa, macho mawili ya rangi ya kaa la moto. Nikawanong'oneza kwamba komba ana utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga, ndiyo maana anaona gizani sisi tusipoona. Kisha mwili wenyewe ukatokea: ukubwa wa paka mdogo, masikio mapana yanayojikunja na kujikunjua kila moja kivyake, mkia mnene mrefu kuliko kiwiliwili. Akaruka kutoka mnazi hadi mnazi bila kishindo. Akatia mkono kwenye kibuyu, akalamba vidole. Akatia tena.

"Mamdogo, anakunywa!"

Wote wanne wanaujua usemi wa "amelewa kama komba". Wanausikia mtaani kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona mwenye jina. Tukaona na jingine ambalo liliwafurahisha zaidi ya yote: alikojolea kiganja chake, akakisugulia kwenye unyayo, kisha akaendelea na safari. Ndivyo komba wanavyofanya. Wanaacha harufu kila wanaposhika.

Tulipokuwa tunaaga, mwangaza wa tochi ulipita shinani mwa mnazi. Palikuwa na kitanzi cha waya. Babu hakuficha. Alisema mwaka jana alinasa wawili, na kwamba tembo linalomwagwa ni ada ya shule ya mjukuu wake. Sikubishana naye, ni mkubwa wangu na yale ndiyo maisha yake. Lakini binti yangu aliuliza swali lake kwa adabu: "Babu, huyu ana mtoto?" Nikajibu mimi kwamba komba wa aina hii huzaa mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida mtoto mmoja tu. Babu akaangalia juu, hakusema kitu.

Siku ya pili, Jumapili: Feri, Makumbusho

Pantoni ya asubuhi ilikuwa na nafasi, tukasimama mbele. Kutoka pale unaziona winchi za bandari na makontena yaliyopangwa kama nyumba za ghorofa. Nilikuwa nimepanga kuzungumza habari za tembo huko makumbusho, lakini nikaona mahali pake ni hapa. Nikawaambia kwamba mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051, na mwaka 2014 wakahesabiwa 43,330. Binti akatoa ndani ya daftari, akapata zaidi ya 65,000. Miaka mitano. Sehemu ya meno yale ilipita kwenye maji haya haya, ndani ya makontena kama yale. Na hukumu moja kubwa ya kesi hizo ilitolewa mjini hapa, Mahakama ya Kisutu, Februari 2019: miaka 15 jela kwa mfanyabiashara aliyehusishwa na vipande 860 vya meno ya tembo.

"Sasa walinzi hawakuyaona?" aliuliza wa miaka tisa. Nikamwambia kuna waliolipwa wasiyaone. Sikutaka kumpunguzia. Mtoto anayeambiwa kuwa tembo wanauawa na "watu wabaya wa porini" hatajua kwamba jino la tembo linahitaji lori, karani, mhuri na meli.

Makumbusho ya Taifa tulikaa saa moja tu. Walivutiwa na habari ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na kitinda mimba akataka kujua kama binadamu naye ni mamalia. Nikamuuliza alinyonya nini alipozaliwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Bustani ya Mimea iko jirani, wakawafuata tausi kwa macho hadi njaa ikatutoa.

Siku ya tatu, Jumatatu: nyumbani

Mvua ya asubuhi, hatukutoka. Lakini chini ya mkungu wetu palikuwa pametapakaa kungu zilizotafunwa, na vidonge vya nyuzi vilivyotemwa vikiwa bado na maji. Nikamwambia kila mtoto aokote kungu moja aitazame kwa karibu. Alama za meno ziko wazi: mistari miwili miwili, membamba, kama imekwaruzwa na uma wa mwanasesere. "Nani kala?" Panya, walisema. Ndege, walisema. Nilipowataja popo, wawili wakaitupa chini na kujifuta mikono. Nikawaacha wakanawe, kwa sababu kunawa ni sawa: kitu chenye mate ya popo hakiliwi, na popo aliyeanguka chini hashikwi kwa mkono. Wanaweza kuwa na magonjwa. Machi 2023 Kagera ilipata ugonjwa wa Marburg, na virusi vyake vinajulikana kuishi ndani ya popo wa mapangoni wala matunda. Naona ni kosa kumfundisha mtoto kumpenda mnyama bila kumfundisha umbali wa kukaa naye. Umbali huo unamlinda mtoto, na popo pia.

Baada ya hapo nikatoa pakiti ya ubuyu mwekundu, ule wanaonunua shuleni. Ua la mbuyu hufunguka jioni, linaning'inia chini, jeupe, lina harufu nzito, na wanaolijia usiku kunywa asali yake ni popo. Wanatoka na vumbi la chavua usoni wanalipeleka mbuyu mwingine. Bila wageni hao mbuyu haupati matunda ya maana. Wakawa wanatafuna kimya wakiwaza. Hadithi ya popo aliyekataliwa na ndege na kukataliwa na wanyama wote wanaijua, bibi yao kawasimulia mara nyingi. Mtoto wa dada akaamua kesi: "Ananyonyesha. Ni wetu."

Jioni panya buku alikatiza kwenye mtaro, mnene, mkia nusu mweupe. Kabla fimbo haijainuliwa nikawahi kuwasimulia habari za Magawa, panya buku aliyezaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini. Huko Kambodia alibaini mabomu zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Wenzake wanatumika hapa nchini kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Fimbo ikarudi ukutani. Hata hivyo nimewafunikia unga vizuri. Panya buku hujaza mashavu yake kama mifuko na kwenda kuhifadhi shimoni.

Siku ya nne, Jumanne: Mlimani

Mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Ubungo, kisha daladala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tumbili wa Mlimani hawahitaji kutafutwa. Kundi zima lilikuwa limekaa kwenye ukuta karibu na migahawa, mama mmoja kambeba mwanawe tumboni, uso wa mtoto bado wa rangi ya waridi. Dume lilikuwa linapita taratibu likiwa na ile buluu yake nyuma, na maswali niliyopewa hapo niliyajibu moja moja bila kuona haya.

Nimewafundisha mchezo. Mwaka 1980 watafiti waliokuwa Amboseli, Kenya, walichapisha matokeo kuhusu tumbili: wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Wakisikia wa chui wanapanda mtini, wakisikia wa tai wanatazama juu na kukimbilia kichakani, wakisikia wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Tukacheza hivyo hivyo uwanjani, binti akipiga milio, mtoto wa dada akikosea kila mara na kuliwa na tai.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Kijana mmoja aliyekuwa akipita alimnyooshea tumbili chipsi ili ampige picha kwa simu. Tumbili alizichukua. Wa pili akaja, wa tatu akaona mfuko wa kitinda mimba, akaurukia. Ulipasuka. Mwanangu hakukwaruzwa, ila alilia kwa woga kwa muda mrefu, na kijana yule akaondoka zake.

Tulikaa kivulini nikamtuliza. Nikawaeleza kwamba yule tumbili hana kosa. Kafundishwa kuwa mkono wa mtu ni sahani. Akishazoea atapora, akipora atauma, akiuma watu watadai auawe, na ameshaanza kuuawa siku ile ya chipsi ya kwanza. Binti aliandika sentensi hiyo bila kuambiwa. Kitinda mimba alipoacha kulia aliuliza kama yule mwenye mtoto tumboni alipata kula. Nikamwonyesha: alikuwa juu ya mti anachuma majani machanga, moja moja, anamegea mdomoni. Chakula chake kipo.

Kule Tandika, nilivyoambiwa na mtoto wa dada, kuna mtu anafuga tumbili kwa mnyororo dukani, watoto wanamrushia njugu. Wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujichukulia mnyama akamfuga bila kibali. Tumekubaliana tukirudi niende kuzungumza na mwenye duka kwanza.

Siku ya tano, Jumatano: Kunduchi

Nia yetu ilikuwa kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na mashua zinazovuka huko wakati mwingine husindikizwa na pomboo. Lakini huu ni msimu wa kusi. Nahodha aliitazama bahari, akawatazama watoto, akasema leo hapana. Nimemshukuru.

Tukabaki pwani na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu chini ya mkungu. Vidole vyake vilikuwa vinapita na sindano ya mbao kama anaandika. Aliwafundisha fundo moja, kisha akawapa waingize mikono kwenye macho ya nyavu mbili. Ya kwanza ni ya dagaa, kidole hakipiti. Ya pili ni jarife, la papa na taa, kichwa cha kitinda mimba kilikaribia kupenya.

"Hii," mzee alisema, "haichagui. Pomboo akiingia humu anazama kama mtu. Yeye anavuta pumzi juu."

Watoto hawakuwa wamefikiria hilo. Samaki anazama vipi? Nikawakumbusha: pomboo si samaki, ananyonyesha majini, kila baada ya dakika chache lazima aje juu. Akifungwa chini anakufa kwa kukosa pumzi. Mzee akaongeza habari za nguva. Ujana wake aliwahi kumwona mara moja tu, mbele ya delta ya Rufiji, mama na mtoto wake ubavuni, chuchu zake ziko kifuani karibu na makwapa. Maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiko waliko wachache waliobaki Tanzania. Nguva hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya mtoto mwingine. Anakula hasa nyasi za baharini, kwa hiyo pale baruti ya kulipulia samaki inapong'oa sakafu ya bahari inamwondolea meza yake.

Alipofika kwenye baruti sauti ya mzee ilibadilika. Alisema zamani akiwa kazini alikuwa akisikia milipuko asubuhi baada ya asubuhi, na maji baada ya hapo yananyamaza. Hakutaka kuendelea. Akampa mwanangu wa kati kipande cha jarife kilichooza akafanyie mazoezi ya fundo.

Nyangumi wenye nundu huanza kupita pwani yetu Julai hadi Novemba wakija kuzaa kwenye maji ya joto. Tumewahi mno. Binti ameandika "Agosti, tena".

Siku ya sita, Alhamisi: Pugu

Tuliondoka alfajiri. Pantoni, daladala hadi Gongo la Mboto, nyingine ya Kisarawe. Tukapita mnada wa ng'ombe wa Pugu, vumbi na mikwaju, kisha barabara ikapanda na hewa ikabadilika. Vilima hivi viko umbali wa safari ya daladala kutoka Kariakoo, lakini msitu wake ni wa zamani kuliko mji wenyewe mara nyingi sana. Tulipita karibu na shule ya Pugu aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu mwaka 1955. Septemba 1961, akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, ndiye aliyetoa tamko mjini Arusha kwamba wanyamapori ni dhamana tuliyokabidhiwa kwa ajili ya wajukuu wetu. Mbele ya watoto hawa wanne, neno wajukuu nililisikia tofauti na nilivyozoea kulisikia.

Kwenye ofisi ya hifadhi tulilipa, tukapewa kijana mwongozaji, mtu wa hapa hapa, na sharti lake moja: kimya. Hakuna kuita, hakuna kukimbia, tutakaa mahali pamoja nusu saa. Nilidhani itashindikana. Dakika ya kumi mwanangu wa kati alianza kuchezea majani, mwongozaji akamgusa bega. Ya ishirini, majani makavu yakaanza kuchakarika mbele yetu.

Alitoka chini ya mzizi. Mnyama wa kujaa viganja viwili, mgongo mweusi, mbavu na uso wa rangi ya kutu, miguu myembamba kama njiti. Na pua! Pua ndefu, laini, inayojipinda kulia, kushoto, juu, ikipekua jani baada ya jani, na ulimi unatoka upesi kuokota mdudu. Alikuja hadi mita nne. Niliona manyoya ya mdomoni yakitikisika, nikaona jicho jeusi kubwa likimtazama binti yangu, na binti yangu akiwa amezuia pumzi kabisa. Kisha mkia ukapiga majani, tap tap tap, na pale alipokuwa pakabaki patupu.

Huyo ni sange, wengine humwita njule. Kwa sura ungesema panya mwenye mkonga, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba panya si ndugu yake hata kidogo. Ukoo wake ni wa tembo, pimbi, muhanga na nguva. Mtoto wa dada akasimama, sharti la kimya limemtoka kichwani: "Nguva wa yule mzee?" Huyo huyo. Tembo wa kwenye makontena, nguva wa jarife na huyu wa kwenye majani makavu ni ukoo mmoja, na wote tumewakuta au kuwasikia ndani ya wiki moja bila kutoka mkoani mbali.

Mwongozaji akatuonyesha kiota chake, rundo la majani ambalo ungelikanyaga bila kujua. Hatua thelathini mbele akainama, akaonyesha kingine: waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kitanzi, kwenye kinjia cha wanyama. Ulikuwa sawa na ule wa babu. Aliukata kwa koleo akauweka mfukoni, ambamo tayari mlikuwa na nyaya mbili.

Kisha tulifika kwenye tanuri la mkaa lililovunjwa, duara jeusi lenye visiki kuzunguka. Mwongozaji alisema sange hawezi kuishi bila majani yaliyodondoka, na majani hayadondoki pasipo na mti. Watoto walisimama ukingoni mwa duara. Kitinda mimba akaokota kipande cha mkaa, akakigeuza, akaniuliza: "Mama, huu ni kama wa kwetu?"

Ni kama wa kwetu. Jikoni kwangu kuna gunia la mkaa na sijawahi kumuuliza muuzaji unatoka wapi. Nilimjibu hivyo. Nikawaambia gunia hilo likiisha tutaongeza matumizi ya gesi, na maharage tutayaloweka tangu usiku yaive upesi. Mtungi mkubwa bado ni mzigo kwa mfuko wangu, ila nimewaahidi mbele ya lile duara na daftari limeandika.

Mchana tulikula mayai na mihogo. Nilimwekea mwanangu wa kati yai la kuchemsha kiganjani, nikamwambia alishike sana. Uzito huo, gramu 60 hivi, ndio uzito wa komba mdogo wa Rondo, komba mdogo kuliko wote duniani, mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Alitambuliwa rasmi kisayansi miaka ya 1990, na anapatikana Tanzania peke yake, kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani vikiwemo hivi vya Pugu na Kazimzumbwi. Msitu wa Pande, kule upande wa Bunju, naye yumo. Mtu wa Ulaya akitaka kumwona lazima aje kwetu. Yai lilishikwa kwa mikono miwili kwa dakika nzima kabla ya kuliwa.

Jioni tulikwenda upande wa machimbo ya zamani ya kaolini, ambako popo wamehamia ndani ya mashimo. Mwongozaji alikuwa tayari kutuingiza. Nilikataa, kwa sababu ile ya Jumatatu, na kwa sababu watu wengi wakiingia mchana popo wanapoteza usingizi na watoto wao wanaanguka. Tulikaa mbali, nje. Jua lilipozama walianza wawili, watano, kisha moshi. Moshi wenye mbawa ukimiminika juu ya miti kuelekea mjini, kwenye mbu na nondo wa mji mzima. Mtoto wa dada alijaribu kuhesabu, akaacha alipofika mia tatu. Hakuna aliyejifuta mikono.

Tulifika Kibada saa nne usiku, wawili nimewabeba, mmoja mgongoni.

Siku ya saba, Ijumaa: Kibada

Wamelala hadi saa nne asubuhi. Walipoamka walikuwa na mpango wao ambao mimi sikushirikishwa. Walichukua chandarua cha zamani chenye matundu, wakakikata vipande, wakatumia fundo la mzee wa Kunduchi kushona vifuniko vya mdomo wa kibuyu, vyenye kamba ya kukaza. Viwili vilitoka vizuri, cha tatu kimepinda. Wakanitaka niwasindikize.

Babu aliviangalia sana. Alivuta kamba, akaachia, akapima kwa jicho. Akasema tembo linahitaji hewa, na chandarua kinapitisha hewa, hilo ni sawa. Komba ana meno, hilo hawakulifikiria. Mtoto wa dada akasema watashona safu mbili. Babu akacheka, na kwa mara ya kwanza akawaketisha mkekani, akawasimulia kwamba baba yake, mgema kama yeye, alikuwa akimwachia komba kibuyu kimoja kibovu chenye masalia ili vile vizuri visiguswe.

"Kwa nini babu wewe huachi?" binti aliuliza.

"Wakati wake minazi ilikuwa ishirini. Mimi ninayo mitatu." Akaonyesha kwa kotama pale ilipokuwa mingine, penye kuta za matofali sasa.

Amekubali kujaribu. Vifuniko amevifunga kwenye minazi miwili, na waya za minazi hiyo ameziondoa mwenyewe na kunipa mkononi. Ya mnazi wa kati ameiacha. Alisema tumwache aone kwanza wiki mbili. Watoto waliniangalia mimi. Nikasema, "Asante babu," kwa sababu nyaya mbili ni nyaya mbili, na kwa sababu kesho kutwa tutarudi tena.

Saa tano usiku kilio kimeanza. Sikumwita mtu, lakini nimewakuta wote wanne tayari wamekaa barazani na tochi yao nyekundu, shuka wameziacha kitandani. Kitinda mimba ameinua vidole viwili: mmoja yuko kwetu kwenye mwembe, wa pili anamjibu kutoka kwa babu. Binti ameandika saa. Kisha yule wa pili akasogea, akalia tena, na safari hii sauti ilitoka kwenye mnazi wa kati. Mtoto wa dada amezima tochi. Wamenyamaza, wanasikiliza.